Kabla ya Masika: Bati, Gata na Ile Phoenix Yako

Tanga,
Jumapili, mwisho wa Februari

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Huku hatujambo, ila joto ndilo linalotutesa. Kaskazi limelegea, na usiku hakuna hata upepo wa kukausha jasho. Barua yako imefika, na maswali yako nimeyapanga kwa uharaka wake: paa kwanza, gata na simtanki zifuate, baiskeli mwisho. Najua moyo wako uko kwenye hiyo baiskeli yako ya Phoenix. Lakini baiskeli utaitengeneza barazani mvua ikinyesha. Paa haliwezi kungoja.

Muda wenyewe si mrefu. Pwani yetu hii masika huhesabiwa tangu Machi hadi Mei, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu mapema, kisha wa siku kumi kumi. Huo wa siku kumi ndio wa kupangia kazi, kwa sababu unachohitaji ni Jumamosi mbili kavu: ya kwanza ya kutafuta, ya pili ya kuziba. Usijaribu kuyafanya yote siku moja. Ukishalowesha paa kwa ajili ya kutafuta tundu, hakuna lami wala silikoni itakayoshika vizuri jioni ile.

Umesema fundi alipaka lami juu ya chumba cha kulala na bado panavuja palepale. Si ajabu. Maji yakishapenya kwenye bati hayadondoki papo hapo. Hushika ubavu wa papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, au huteremka na kenchi, mbao kubwa zinazobeba paa, na hudondoka pale yanapopata kizuizi: fundo la mbao, msumari wa silingi bodi, au maungio ya mbao mbili. Kwa hiyo doa la darini linaweza kuwa mita mbili chini ya mahali maji yanapoingilia. Anzia kwenye doa, upande juu kufuata mteremko, na uangalie mbao zenyewe. Njia ya maji huacha mstari mweusi, na ukiufuata utakufikisha karibu kabisa.

Kabla hujagusa maji, ingia darini saa sita mchana, zima tochi, kaa kidogo mpaka macho yazoee giza. Matundu ya misumari iliyong'oka na ya kutu yataonekana kama nukta za mwanga. Yazungushie chaki kwenye mbao iliyo karibu. Ila maungio ya bati kwa bati hayaonyeshi mwanga hata yakiwa yanavuja, na hapo ndipo unahitaji mtu wa pili na mpira wa bustani. Mmoja akae darini na tochi, mwingine juu amwage maji polepole akianzia chini kabisa karibu na fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kama dakika tano kwa kila mita moja, ndipo apande. Akianza juu, maji yatashuka na kupita kwenye matundu yote kwa mpigo, na hamtajua lipi ni lipi. Tena mwambie asielekeze mpira kutoka chini kwenda juu: bati lolote lile, hata jipya, litavuja maji yakisukumwa kinyume cha mteremko, na mtaishia kuziba palipo pazima.

Kwa bati la mawimbi la zamani kama lako, mtuhumiwa wa kwanza ni msumari. Bati la mita 3 likitoka nyuzi 25 alfajiri hadi nyuzi 65 adhuhuri hurefuka karibu milimita moja na nusu, na jioni hurudi. Linafanya hivyo kila siku ya jua, na msumari unatikiswa mpaka tundu linapanuka na kichwa kinainuka. Kuugonga urudi chini hakusaidii, maana mbao pale imeshaulegeza. Baada ya wiki kadhaa utakuwa juu tena. Ung'oe, uweke skrubu ya bati yenye washa ya mpira, nene kuliko msumari ulioutoa. Urefu wa inchi 2½ unatosha kwenye papi ya 2x2: wimbi lenyewe linakula karibu sentimita 2, na zinazobaki zinaingia kwenye mbao. Iweke juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si kwenye bonde, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Ikaze mpaka mpira uanze kuchungulia kidogo pembeni mwa kofia ya chuma, hapo uache. Wengi huzidisha hapo wakidhani ndiyo uimara. Mpira unapasuka, mgongo unabonyea, na kidimbwi kinajitengeneza kuzunguka skrubu. Ukikuta papi imeoza na skrubu inazunguka bila kushika, usirefushe skrubu. Pigilia papi nyingine ubavuni mwa ile ya zamani, ufungie huko.

Maungio ya pembeni yanataka wimbi moja na nusu hadi mawili ya kupishana, na ya juu kwa chini yasipungue sentimita 15. Angalia pia ukingo wa bati la juu unatazama wapi. Masika yakikolea, mvua nyingi husukumwa na upepo wa kusini, kwa hiyo ukingo ulio wazi unapaswa kutazama kaskazini. Aliyeezeka nyumba yako kama alianzia upande wa kusini, kingo zote zinaupokea upepo, na hutaweza kulirekebisha hilo bila kuezua. Kinachowezekana ni kuinua ukingo kidogo, kusafisha vumbi, kupitisha mstari wa silikoni ndani ya maungio, na kuongeza skrubu kila sentimita 45 au 50 ili bati zibanane.

Kuhusu silikoni, inuse. Ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi inayokula zinki, na mwaka hauishi utaona kutu imefuata mstari wako wote. Soma ubavuni mwa chupa utafute isiyo na asidi, inayofaa kwa mabati. Ni ghali kidogo, na kwenye jambo hili sioni pa kubana matumizi.

Pale palipokula kutu kwa tundu dogo, kiraka kinatosha. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, mbali na tundu kwa upana wa kiganja. Futa kwa tina. Paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, iache ikauke. Halafu lami baridi, kitambaa cha wavu juu yake ukikikandamiza kwa brashi, na lami tena ikifunika kitambaa chote. Lami bila kitambaa hupasuka kwa sababu ile ile ya bati kurefuka na kurudi, na nadhani ndicho kilichompata fundi wako. Ukikuta bati limekuwa kama chujio, usilipake chochote. Badilisha, na ununue geji 28 badala ya 30. Kumbuka namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Kata kwa mkasi wa bati. Grainda inaunguza zinki kwenye ukingo, na cheche zake zikitua juu ya bati jirani zinakuwa vidoa vya kutu kabla ya Iddi. Usipime kwa penseli pia, tumia kalamu ya wino: risasi ya penseli ikilowa juu ya bati la aluminiamu na zinki huanzisha kutu kwenye mstari huo huo uliouchora.

Kofia za juu, zinazofunika mgongo wa paa, zikague mwisho. Zikiwa zimeinuliwa na upepo, mvua ya kutokea pembeni huingia hapo na kushuka mbali mno, ukadhani ni tatizo la bati za chini.

Saa za kazi: panda baada ya umande kukauka, mwendo wa saa mbili, na ushuke saa nne. Baada ya hapo bati linaunguza, na mtu anayekimbiza miguu hakanyagi kwa hesabu. Kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake kuna papi, au laza ubao. Kamba kiunoni, iliyofungwa upande wa pili wa paa, haipunguzi heshima ya mtu yeyote.

Gata ni kazi fupi. Toa majani, kisha mwaga ndoo ya maji upande wa mbali na uangalie yanavyokwenda. Mteremko unaotakiwa ni sentimita 1 kwa kila mita 2 kuelekea bomba la kushukia. Kwa gata yako ya mita 8 ni sentimita 4 tu kati ya mwanzo na mwisho. Usipime kwa jicho, funga uzi na utumie pimamaji. Vishikizo viwe kila sentimita 60 hadi 90, kwa sababu gata iliyojaa maji ni nzito na hulegea katikati, na hapo ndipo yanapotuama na mbu wakapata pa kuzalia.

Sasa hesabu ya simtanki, uliyoitilia shaka. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, ukipima eneo la chini lililofunikwa na paa, si urefu wa bati lenyewe. Upande wako wa mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40. Mvua ya milimita 30 inakupa lita 1,200. Toa sehemu ya sita inayopotea kwa kuruka na kulowesha bati, unabaki na lita 1,000. Yaani mvua moja nzuri ya masika inaijaza simtanki yako hadi juu, na ya pili itamwagika. Kwa hiyo bomba la kupunguzia ni la lazima, la upana sawa na linaloingiza, na mdomo wake uwe mbali na msingi wa nyumba. Ikijaa ina tani moja ya maji, na hilo usilibebeshe mbao zenye nafasi katikati. Kitako cha plastiki hubonyea kwenye mapengo na kupasuka. Weka zege au matofali yaliyosawazishwa, yashike kitako chote.

Maji ya kwanza ya kila mvua usiyaingize. Yana vumbi, mavi ya ndege na uchafu wa majani. Lita moja kwa kila mita ya mraba ni kiasi kizuri, kwako ni lita 40, sawa na madumu mawili ya 20. Fundi bomba anaweza kukufungia tawi la bomba lililozibwa chini linalojaa kwanza, lenye mpira unaoelea na kuziba mdomo likishajaa. Acha tundu dogo chini ili lijimwage taratibu kabla ya mvua nyingine. Njia ya bei nafuu ni kiwiko cha bomba unachokigeuza kwa mkono, mradi awepo mtu wa kukumbuka kukigeuza.

Ndani ya simtanki, sugua kuta zote kwa brashi, hata kama zinaonekana safi. Mbu wa dengi hutaga mayai ukingoni mwa maji, na mayai hayo yanavumilia ukavu kwa miezi, yakingoja maji yapande. Unakumbuka milipuko ya Dar es Salaam ya 2014 na 2019. Mbu wale hawahitaji dimbwi chafu, wanapenda maji safi yaliyotulia. Ukishasugua na kusuuza, jaza maji, tia lita moja na nusu ya jiki yenye klorini asilimia 3.5 kwa lita 1,000, fungua kila koki mpaka unuse klorini kisha uifunge, acha usiku kucha, mwaga yote. Maji hayo si ya kunywa wala ya kumwagilia mchicha. Usichanganye jiki na dawa ya choo. Mwisho funga wavu wa chandarua kwenye mdomo wa kuingizia na wa kupunguzia, ukazwe kwa waya.

Haya, baiskeli.

Phoenix ya inchi 28 yenye breki za fimbo ni chuma cha kudumu, na karibu kila kitu chake kinafunguka kwa spana chache. Kwanza isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, uione. Usitumie petroli, hasa barazani kwenye jiko la mkaa. Kisha ishike gurudumu kwa juu ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, habu, yaani kitovu cha gurudumu, inataka kufunguliwa. Likizunguka kwa kukwaruza, inataka kufunguliwa upesi zaidi.

Habu ya mbele ina gololi 10 kila upande, za 3/16 ya inchi. Ya nyuma ina 9 kila upande, za robo inchi. Tandika kitambaa cheupe chini kabla hujalegeza koni, ile nati inayobana gololi, kwa kuwa gololi zikidondoka kwenye mchanga ni msiba. Osha, kausha, angalia njia ya gololi kwenye koni: ikiwa na vishimo unavyovihisi kwa ncha ya kucha, badilisha koni. Gololi zinunue zote za upande mmoja. Ukichanganya mpya na za zamani, mpya zinakuwa kubwa kidogo na hubeba uzito wote peke yake hadi zinavunjika. Jaza grisi kwenye kikombe, zipange. Itabaki nafasi kidogo, na usiijaze kwa gololi ya ziada.

Kukaza koni ndiko kunakowashinda watu. Ikaze kwa vidole mpaka isicheze, irudishe nyuma kidogo, halafu ishikilie kwa spana nyembamba huku ukikaza nati ya kufungia kwa spana nyingine. Nati hiyo huisukuma koni ndani, ndiyo sababu unaanza na ulegevu mdogo. Kipimo chake: inua gurudumu, weka valvu usawa wa saa tatu ya mshale, uachie. Uzito wa valvu peke yake ulishushe gurudumu mpaka chini. Likigoma, umekaza mno.

Katikati ya fremu, kwenye mhimili unaoshika mikono ya pedali, kuna gololi 11 za robo inchi kila upande, zikiwa zimelegea bila kizimba. Kikombe cha kulia kina hesi za kinyume, yaani hukazwa kinyume cha mshale wa saa. Kiache mahali pake, safishia ndani. Marekebisho yote yako kushoto. Pedali ya kushoto nayo ni ya hesi za kinyume, inafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Huko vijana wengi huikaza wakidhani wanaifungua, na mwisho wanaleta bomba la kurefushia spana.

Ule mlio wa "kek" ulioueleza, kila mguu wa kushoto ukishuka, ni kotapini, ile pini inayofunga mkono wa pedali kwenye mhimili. Legeza nati yake ibaki imeshika hesi chache tu, mkono wa pedali uukalishe juu ya kipande cha bomba la chuma kinachosimama sakafuni, pini ikitazama ndani ya bomba, ndipo ugonge kwa nyundo nzito pigo moja la maana. Ukigonga bila bomba, nguvu inaishia kwenye gololi na kuchora vishimo kwenye vikombe. Mapigo madogo mengi yanapinda pini bila kuitoa. Pini mpya ipeleke kwenye tupa, upunguze upande bapa taratibu mpaka iingie na kubakiza hesi za kutosha nati. Za kulia na kushoto zielekee pande tofauti, la sivyo mikono haitanyooka. Nati haiwezi kuivuta pini. Igonge kwanza, kisha kaza. Baada ya kuendesha kilomita chache, igonge na kuikaza tena, maana itakuwa imekaa zaidi.

Mnyororo upime kwa rula ya inchi 12. Weka katikati ya pini moja kwenye sifuri. Pini ya 24 baada yake inapaswa kuwa kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/8 ya inchi, nunua mwingine, na uangalie meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma: yakiwa yamepinda kama ndoana, mnyororo mpya utaruka juu yake, kwa hiyo badilisha vyote viwili. Uache ucheze kama sentimita moja juu na chini katikati. Mafuta ni tone moja kwa kila kiungo, ya injini lakini safi, kisha futa yote ya nje kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia hugandamana, na oili chafu ya gereji ina vumbi la chuma ndani.

Tairi la nyuma linaloisha upepo usiku kucha bila tundu, kwenye baiskeli hizi, tazama kwanza kimpira cha valvu. Huchakaa kwa joto, bei yake ni ndogo, na watu huchana tyubu bure. Kama kweli ni tundu, sugua kwa msasa mpaka mng'ao uishe, solusheni nyembamba, na ungoje dakika tano mpaka isinate kidoleni kabla ya kubandika. Kiraka kinachobanduka, mara nyingi kilibandikwa solusheni ikiwa mbichi. Matundu mawili yaliyolingana ni ishara kwamba upepo ulikuwa mdogo na ringi iliibana tyubu. Tundu la upande wa ndani ni spoku iliyotokeza, basi funga utepe mpya kwenye ringi.

Breki za fimbo ziache nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya raba na ringi. Na ujue kwamba ringi ya chuma ikilowa, raba hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake. Wakati wa mvua gusa breki mapema ili raba ifute maji kwanza, ndipo ubane. Yeyote utakayemwazima baiskeli, mwambie hilo kabla hajafika kwenye mteremko.

Kotapini usinunue bado. Zipo za milimita 9 na za 9.5, na kwa macho hazitofautiani. Yenye ukubwa usio wake ama haiingii ama inacheza. Toa ile ya zamani, ipime sehemu ya mviringo isiyosagwa, uniandikie. Niandikie pia idadi ya skrubu za bati utakazohitaji. Duka la hapa barabara ya kumi na mbili wanazo zenye washa nzuri, nami nitazifunga pamoja na pini na gololi, nizitume kwa basi mpokee kabla ya Jumamosi ya kuziba.

Wasalimie wote,

Ni mimi rafiki yako.